Panya Wasiokimbia wa Ng'ambo ya Gurei

Jumamosi asubuhi, mtaani Gudele. Nilikuwa nafungua duka langu la mbegu na majembe mama aliponipigia simu kutoka shambani kwake, ng'ambo ya Gurei. Sauti yake ilikuwa furaha tupu.

"Kesho ukitoka kanisani njoo kula. Panya iko mingi! Hazikimbii hata. Nashika na mkono tu."

Mtandao ukakatika. Nikabaki na kufuli mkononi. Panya wa shambani hashikwi kwa mkono hivihivi, ila awe amelegezwa na kitu. Na sumu ya panya nilimpelekea mimi mwenyewe Jumatatu, maana alilia kwamba njugu zake zinaisha. Panya wa shambani kwetu ni kitoweo, tangu tulipokuwa kambi ya wakimbizi Uganda, na mimi, muuzaji mzima, sikumwambia asiwale! Mjinga mimi.

Saa tatu, barabarani. Nilidandia bodaboda. Simu ya mama haipatikani.

"Dada, iko nini?" dereva aliuliza.

"Endesha tu, kaka. Tafadhali."

Kupita soko la Gurei, njia ikawa matope, nikashuka nikatembea. Tuliporudi kutoka Uganda, hapa nyasi zilinipita kimo, na panya, ndezi na sungura walikuwa na pa kwenda. Sasa ni mihogo, mahindi na tanuri za matofali. Nyasi zimebaki ukanda mwembamba kando ya kijito, mpakani mwa shamba la mama. Panya wote wamejibana pale, na chakula cha karibu ni njugu zake. Nimepita hapa mara ngapi, na sikuwahi kulifikiria.

Saa tano, moshi ulitoka nyuma ya nyumba. Nilikimbia. Mama alikuwa ameinamia sufuria.

"Mama, umekula?"

"Salamu iko wapi?"

"Umekula?"

"Nakula aje bila mgeni? Nakausha tangu Alhamisi, nangoja wewe."

Nikakaa chini palepale nikilia. Nilipomweleza kwamba panya hao wamekula sumu, alinicheka.

"Sumu inakaa kwa tumbo. Mimi natoa matumbo yote, natupa nyuma ya ghala."

"Iko ndani ya nyama pia, mama."

Tulikwenda nyuma ya ghala. Nguchiro aliyeishi chini yake, ambaye mama hakuruhusu mtu amrushie jiwe, alikuwa amelala ubavu kando ya yale matumbo, amekufa, damu puani. Mama alichuchumaa.

"Huyu alikuwa ananishikia panya," akasema. Hakucheka tena.

Tulichimba shimo refu, tukafukia nyama yote, matumbo na nguchiro.

Jioni nilirudi Gudele na sumu iliyobaki mfukoni. Siku hizi mteja akiitaka, namuuliza kwanza: hao panya wako wanaliwa na nani?

Jana mama alipiga simu. Panya wamerudi kutoka kwenye zile nyasi. Nikamuuliza kama ameona nguchiro mwingine. "Bado," akasema. "Lakini lile tundu chini ya ghala sijaziba."