Msusi wa Dzaleka na wimbo uliokosa jibu

“Nitaenda, na nitakaa mbele kabisa! Nani atanizuia? We Gakiza? We nilikupanguza kamasi kwa hii kitenge yangu!”

Anayefoka ni Capitoline, mama wa watoto wanne na muuza maharage katika soko la Dzaleka, nchini Malawi. Anayefokewa ni Gakiza, kijana mrefu mwenye sauti nzito kuliko umri wake. Amesimama mlangoni mwa kibanda cha kusuka nywele, na hana pa kukimbilia.

“Mama Kirezi, si mimi. Ni sheria ya mashindano,” anajitetea. “Mwaka jana mulitupiga chini.”

“Mumesikia?” Capitoline anawageukia wauzaji wenzake. “Tuliwaimbia, anasema tuliwapiga! Batoto ba siku hizi!”

Katikati yao, Kirezi Nahimana, miaka ishirini na minne, anaendelea kusuka. Ana kitana kati ya meno na fungu la meshi begani, kama wanavyoziita hapa nywele za kuunganishia. Kwenye kiti chake ameketi mteja, Mukarutesi, mama wa Kinyarwanda. Nusu ya kichwa chake imesukwa rasta na nusu nyingine imesimama wima. Kirezi ni binti wa Capitoline. Pia ni kiongozi wa kikundi cha Gakiza. Ugomvi huu unamhusu kuliko yeyote.

Ni Alhamisi mchana. Keshokutwa, katika ukumbi mmoja wa Area 18 jijini Lilongwe, kikundi chao kiitwacho Pumzi Tupu kitapanda jukwaani kwenye fainali ya vyuo ya uimbaji bila ala. Hakuna gitaa, hakuna kinanda, hakuna hata makofi. Ni waimbaji wanane wa chuo kimoja cha diploma cha Area 47: watano wanatoka kambi hii ya wakimbizi, watatu ni Wamalawi. Leo wote wanane wamebanana kwenye kivuli cha kibanda hiki, pamoja na mwalimu wao, Kamwendo, aliyepanda basi dogo kutoka mjini na kumalizia safari kwa kabaza, yaani baiskeli ya kubeba abiria.

Wamekuja kufanya mazoezi. Wamekuta mama amejaa maneno.

Kirezi alifika Dzaleka akiwa na miaka minane, baada ya safari ndefu kutoka Burundi kupitia Kongo na Tanzania. Kusuka alijifunza kwa mama yake, na kuimba pia. Kanisa lao linamlipia sehemu ya ada. Inayobaki anaisuka mwenyewe. Kichwa kimoja cha rasta humchukua nusu siku na kumpa kama kwacha elfu nane. Nauli ya kwenda mjini na kurudi hula karibu yote. Siku za masomo hulala Chilinde, mtaa wa mjini Lilongwe, kwa familia ya waumini wenzao, na hulipia malazi hayo kwa kusuka vichwa vya mabinti wote wa nyumba hiyo.

“Watu huniuliza napata wapi muda wa kuimba,” anasema baada ya kutoa kitana mdomoni. “Mimi sina muda wa kuimba. Nina muda wa kusuka, na mdomo huwa haufanyi kitu.”

Hapo ndipo ilipo siri ya Pumzi Tupu, na kwa kweli si siri, ni shida iliyogeuka kuwa faida. Mwaka wao wa kwanza walishika mkia. Majaji waliwakata alama kwa sababu walipiga makofi na kukanyaga sakafu. Kwa Warundi na Wakongo, kuimba bila makofi ni kama kula nsima, ugali wa hapa, bila mboga. Kila mmoja aliapa ataacha. Wakipanda jukwaani, mikono inajiendea yenyewe.

Wakahamia kibandani kwa Kirezi, kwa sababu yeye hakuweza kumwacha mteja. Akawa anawaongoza huku mikono imo kwenye nywele. Nyusi zikipanda, sauti za juu zinaingia. Kidevu kikishuka, besi inashuka nacho. Wasioweza kutulia aliwapa kazi: huyu ashike meshi, yule ashike kioo, Gakiza ashike beseni la maji ya moto kwa mikono miwili.

“Ukipiga makofi, unajiunguza,” anasema Gakiza, na kwa mara ya kwanza leo anacheka. “Nilijifunza haraka.”

Mwaka uliofuata walikuwa wa kwanza kati ya vyuo vya Lilongwe. Mwaka jana waliingia fainali ya kitaifa, wakavipita vyuo vyenye majengo makubwa na sare za kushonesha. Kirezi alitangazwa mwimbaji bora wa peke yake, na zawadi yake ikamlipia ada ya muhula mzima. Kikundi kikawa cha pili. Kingekuwa cha kwanza, na hapa ndipo penye kidonda.

Wimbo wao mkubwa ni wa Kirundi, wa kumsindikiza bibi harusi. Binti yuko mlangoni, anatoka kwao, anaita: “Mama, umeniona nikienda?” Mwaka jana Kirezi aliita hivyo mbele ya ukumbi uliojaa. Kabla hajashusha pumzi, bamama kumi na zaidi kutoka Dzaleka walisimama kwenye viti vyao na kujibu kwa sauti zote tatu, ya juu, ya kati na ya chini, vigelegele juu yake. Wa kwanza kusimama alikuwa Capitoline.

Ukumbi ulipiga makofi. Majaji waliandika: sauti kutoka nje ya kikundi. Alama zikakatwa.

Ndiyo maana Gakiza amekuja na ombi. Mwaka huu bamama wabaki nyumbani.

“Majaji iko na sheria yao,” anasema Capitoline. “Sisi tuko na yetu. Mtoto akiita mama, mama anyamaze? Anatoka kwao bila jibu, kama mtu wa kufukuzwa? Hiyo njo masomo munasoma kule?”

“Mama, ni wimbo tu,” anasema Izere, msichana mdogo kuliko wote kikundini.

“Wimbo tu! We ngoja uolewe.”

Mwalimu Kamwendo ameelewa sura zaidi ya maneno. Anaomba kwa Kichewa waimbe kwanza, wagombane baadaye. Kirezi anatafsiri, na hakuna anayepinga, kwani mwalimu ametoka mbali. Gakiza anapewa beseni lake. Izere anapewa meshi.

Besi inaanza chini, polepole. Sauti za kati zinaingia moja baada ya nyingine, kila moja ikipita juu ya mwenzake na kurudi chini. Gakiza anatoa ngoma kwa mdomo, midundo ya kweli ya Kirundi, hadi mtu anageuka kutafuta ngoma iko wapi. Muuza dagaa wa kibanda cha pili anaacha kufukuza nzi. Kisha wote wanashuka na kutulia, na Kirezi, vidole vyake vimo kwenye nywele za Mukarutesi, anaita:

“Mama, umeniona nikienda?”

Kimya. Wimbo unavuta pumzi.

“Tumekuona! Nenda!” anajibu Mukarutesi kutoka kitini. Capitoline anajibu. Muuza dagaa naye anajibu.

“Munaona!” Gakiza anakaribia kumwaga maji. “Hata Jumamosi haijafika!”

Watu wanacheka, Mukarutesi anajifunika uso. “Munisamehe, banangu. Imenitoka yenyewe. Mimi si Mrundi hata. Lakini munamuita mama, halafu munaacha shimo. Mtu atafanya nini?”

Kirezi hacheki. Mikono yake imesimama, jambo ambalo halijatokea tangu mchana huu uanze.

Shimo hilo walilichimba wao. Walipoupanga wimbo kwa ajili ya mashindano, muda ulikuwa dakika tano tu, nao wakaondoa jibu. Halikuwa na mwenyewe: jibu ni la wazazi, na kikundi kizima ni vijana. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona bibi harusi akisindikizwa kutoka nyumbani kwao Burundi. Harusi wanazozijua ni za kambini, ambapo bibi harusi anahama mistari mitatu ya nyumba na kesho yake anarudi kuazima sufuria. Waliona jibu ni pambo. Wakabakiza mwito, kwa sababu ndio mtamu.

“Mama,” anasema Kirezi. “Kama dada mkubwa amejibu, wewe ungejibu tena?”

Capitoline anamtazama kama aliyeulizwa jina lake. “Nijibu nini? Mama asipokuwepo, dada mkubwa njo mama. Wimbo ukishajibiwa, umejibiwa.”

“Na ungenyamaza?”

“Kama amejibu vizuri.”

Kirezi anageuka kwa wenzake. “Basi tunarudisha jibu. Najibu mimi.”

Wanapokezana maneno kwa Kiswahili, Kirundi na Kichewa. Mwalimu Kamwendo anauliza moja tu: dakika tano ni tano, wanatoa nini? Macho yote yanakwenda kwa Gakiza.

“Hapana,” anasema Gakiza. “Ngoma yangu? Ngoma yangu njo inafanya bantu wasimame!”

“Tunataka wakae,” Kirezi anamwambia.

Gakiza anatazama beseni lake. “Nusu,” anasema. “Munaniachia nusu.”

Wanamwachia nusu. Lakini ngoma si kitu kikubwa kinachotolewa hapa, na kila mtu kibandani anajua. Anayejibu hawezi kuita. Jibu linataka sauti nzito ya mwanamke mzima, na kikundini sauti hiyo anayo Kirezi peke yake. Mwito utakwenda kwa mwingine, na mwito ndio unaosikilizwa na majaji wanaochagua mwimbaji bora. Muhula wa mwisho wa Kirezi unaanza mwezi ujao. Alikuwa anaitegemea zawadi hiyo.

“Ile ada je?” Izere anauliza taratibu.

“Vichwa vipo,” anajibu Kirezi. “Nitasuka.”

Anasema hivyo bila kujisikitikia, na pengine ndiyo maana hastahili kusikitikiwa. Mpango wake ameshaueleza mara mbili leo: amalize diploma ya maendeleo ya jamii, afungue saluni yenye viti vitatu hapa hapa sokoni, na jioni viti vitatu viwe darasa la kuimba kwa watoto wa kambi. “Chuo kiendelee kupata waimbaji kutoka hapa,” anasema. “Kombe likija, likae pale kwenye rafu, katikati ya mafuta ya nywele.” Rafu yenyewe ipo tayari. Sasa hivi ina vitana na sabuni.

“Izere, ita wewe.”

“Mimi?”

“Sauti ya binti anayetoka kwao unayo wewe. Mimi yangu imeshatoka zamani. Shika meshi vizuri.”

Besi inaanza tena. Gakiza anapiga nusu ya ngoma yake, na anaipiga kama anayelipiza kisasi kwa ile nusu nyingine. Sauti zinashuka. Izere anafumba macho, na sauti yake nyembamba inatoka ikitetemeka kidogo, kama inavyopaswa kutetemeka:

“Mama, umeniona nikienda?”

Mukarutesi amebana midomo yake kwa vidole viwili. Muuza dagaa amejishika kiuno. Capitoline amesimama, kifua kimejaa hewa, mdomo wazi.

Nyuma ya kiti, vidole vyake vikiwa vimerudi kazini, Kirezi anajibu. Hapazi sauti. Anaiweka chini, pana, sauti ya mtu aliyesimama mlangoni na hatatoka hapo hadi anayeondoka apotee machoni:

“Tumekuona. Nenda.”

Mdomo wa Capitoline unabaki wazi kidogo. Kisha unafungwa. Anashusha pumzi kupitia puani, anavuta kigoda cha wateja hadi mbele ya waimbaji, na anakaa.