Plau ya Ng'ombe Ziwani Naivasha

Jepkorir wa Rongai alijua kulima kwa plau ya ng'ombe kushinda wanaume wengi wenye maneno mengi; hatutaji majina, wanajijua. Shida ni kwamba alishuka Naivasha kujifunza kayaki, mtumbwi mwembamba wa kasia, plau yake ikiwa bado kichwani. Kwao, ng'ombe wakifika mwisho wa shamba husimamishwa, wanapumua, ndipo wanageuzwa. Basi na kayaki akaifanyia hivyo hivyo. Anapiga kasia vizuri, akikaribia mti wa ziwani anasimama kabisa, kisha ndipo anaitafuta kona. Na kayaki ikikosa mwendo, upepo unaibeba kama karatasi ya mandazi. Asubuhi hiyo alikuwa amegonga mara mbili ile migunga iliyokauka, iliyobaki imesimama majini tangu ziwa lipande.

"Madam, umewapumzisha ng'ombe?" akauliza Owino, mwalimu wake, kutoka kayaki ya pili.

"Nyamaza, Owino. Kwenu hamna hata kondoo."

"Hatuna. Lakini hatugongi miti."

Jepkorir hakucheka. Saa tano Wanyoike, mwenye kayaki, angemjaribu: apite katikati ya miti mpaka gatini bila kugusa shina. Akifaulu, Jumamosi anaongoza wageni. Akigusa, anarudi kuosha majaketi ya kuelea, kazi aliyoifanya miezi saba.

"Usigawanye kazi," Owino akasema, sasa bila mzaha. "Vuta, halafu usitoe kasia majini. Lizungushe mbali mpaka nyuma, kayaki igeuke ikitembea. Kisha liache hapo nyuma kidogo, likushikie njia."

Jepkorir akamkumbuka dume mweusi wa plau ya baba yake. Huyo hakungoja kusimamishwa. Kwenye kona alifupisha hatua tu, mwenzake akazunguka. Baba alikuwa akisema, "Huyu ndiye fundi. Wengine ni abiria."

Saa tano Wanyoike akasimama gatini na kikombe cha chai. Jepkorir akaondoka. Mti wa kwanza: akavuta, akazungusha, kayaki ikapinda bila kupoteza mwendo. Wa pili: akaliacha kasia nyuma, likamnyoosha. Kwenye mti wa mwisho, mazoea yakamrudia. Mkono ukasimama. Upepo ukaushika mkia wa kayaki, shina likabaki umbali wa upana wa kiganja tu.

"Dume mweusi!" akajiambia, akazungusha kasia kwa nguvu, na bila kulitoa majini akavuta mbele. Kayaki ikapita, ikaegemea gati taratibu.

Wanyoike akaweka kikombe chini, akainama, akapapasa ubavu wa kayaki pole pole kama mnunuzi wa ng'ombe sokoni.

"Na hii mikwaruzo?"

"Ya asubuhi, boss," Owino akadakia. "Ile ya mazoezi."

Wanyoike akaikagua tena. Ilikuwa imekauka, si ya sasa hivi.

"Jumamosi saa moja na nusu, usichelewe."

"Na majaketi ataosha nani?" Jepkorir akauliza, macho kwa Owino.

Owino akageukia ng'ambo ya ziwa, akaanza kuhesabu viboko walioibuka majini.