Mzee Aliyetuomba Chambo

Kabla hujaniuliza, nakujibu: sikuwa nimelewa. Mimi ni Mnubi, Mwislamu, nimezaliwa Nsambya kwenye nyumba za reli, na pombe naijua kwa harufu ya majirani tu. Wala sikuwa usingizini. Rafiki yangu Wasswa alikuwa nami mtumbwini na aliona nilichokiona, ingawa siku hizi ukimtajia jambo hili anakuuliza habari za mvua. Sikulazimishi uamini. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho, kwa sababu jambo lenyewe halikunitisha kama watu wanavyodhani. Lilinisikitisha, na bado linanisikitisha.

Lazima nianze na baba. Baba alikuwa gadi wa reli, na siku zake za mapumziko alikuwa mvuvi. Si wa nyavu, hapana, wa mshipi wa mkono na chambo hai. Alimpenda sangara, ambaye sisi wa Kampala tunamwita mputa, na alisema sangara mkubwa hadanganyiki na mnofu uliokufa, anataka kitu kinachokimbia. Basi tulikamata nkejje, visamaki vidogo vya ukingoni, tukavitia kwenye jerikeni lililokatwa mdomo, tukabadilisha maji kila mara visije vikafa.

Baba alikuwa na namna yake ya kuvitia kwenye ndoana. Kwanza aliloweka mkono, maana mkono mkavu humbabua samaki. Kisha akapitisha ndoana chini ya pezi la mgongoni, taratibu, bila kugusa mfupa. Halafu hakukitupa kama wenzake wanavyotupa. Alikiweka majini juu ya kiganja, akakingoja kipate nguvu, akakiambia, "Haya, nenda kazini, usinitie aibu." Sisi wanawe tulicheka kila mara. Nani anaongea na chambo? Nilipokua nilijaribu kuvua hivyo nikashindwa, nikawa natoboa midomo ya nkejje kama watu wote.

Katika miaka ile mibaya, kabla ya vita vya themanini na sita kwisha, walikuja watu wa serikali na gari nyumbani kwetu. Walisema wanamhitaji baba kidogo tu, jioni atarudi. Alivaa viatu bila haraka, akamwambia mama asimwekee chakula kingi. Hakurudi.

Kesho yake nilitaka kwenda kwenye kambi ya askari kuuliza. Mama alinishika shati mlangoni mpaka kifungo kikakatika. "Usiulize!" aliniambia. "Usimwulize mtu yeyote kitu chochote. Ukiuliza watakuchukua na wewe, nami nitabaki na nani?" Na usifikiri ni mama peke yake. Mji mzima uliishi hivyo. Jirani akitoweka, unafagia kibaraza chako unaingia ndani. Mtu akirudi baada ya miezi, amekonda, unamsalimia na kumpa chai, lakini humwulizi alikuwa wapi. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu yetu. Tuliokulia wakati ule tulijifunza adabu hiyo kabla ya kujua kunyoa ndevu.

Vita vikaisha. Wenzetu wengine walipata habari zao. Wapo waliorudi kutoka Sudan na watoto wasiojua Kiganda, wapo walioletewa mifupa na kuizika kwa heshima. Sisi hatukupata chochote, si mtu, si mfupa, si uvumi. Tulitolewa kwenye nyumba ya reli, na mama akakataa kuhamia kwa ndugu zake Bombo. Alipanga vyumba viwili hapo Kibuli, karibu kabisa, ili baba akirudi asipate taabu kututafuta.

Eda hakukaa. Masheikh walimjia kwa upole wakamweleza kwamba mume aliyepotea muda mrefu sheria inaweza kumhesabu kuwa amekufa, mke akae eda yake, kisha awe huru. Mama aliwakaribisha, akawapa kahawa na haluwa, akawaambia, "Siwezi kumuua mume wangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Nileteeni mtu aliyemwona." Alikuwa bado mwanamke mzuri, mwenye kicheko. Hakuwa mjane, hakuwa mke. Alikuwa anangoja tu, na mimi nilikuwa namtazama akingoja.

Sasa tufike ziwani. Vita vilikuwa vimekwisha miaka michache. Nilikuwa nachomelea milango na madirisha huko Nakawa, na Wasswa alikuwa fundi mwenzangu. Mjomba wake alikuwa na mtumbwi Ggaba, kando ya ziwa. Mwezi wa nne, mvua zimekolea, sangara wanasogea karibu na mafunjo, Wasswa akaniambia twende Jumamosi tulale huko, tuvue Jumapili tangu alfajiri. Nilifurahi kama mjinga. Sikuwa nimeshika mshipi tangu baba achukuliwe.

Jumamosi ile tulikesha, tuseme hivyo, kwa kukamata nkejje na kupiga soga. Wasswa alinipa masharti ya ziwa la kwao, kwa Kiswahili chake cha Kampala. "Ukiona mutu kwa maji, hapana uliza iko natoka wapi, hapana uliza iko nakwenda wapi. Yeye nafikiri wewe nataka kuiba mahali yake."

"Na akiomba kitu?"

"Akiomba chambo, unampa. Chambo hapana nyima mutu. Lakini kuuliza, hapana."

Nilicheka nikamwambia hilo la kutouliza hahitaji kunifundisha.

Alfajiri ilikuwa na manyunyu, na ukungu umelala juu ya maji hata ncha ya mtumbwi wetu niliiona kwa shida. Tulitia nanga ya jiwe pembeni mwa mafunjo. Hapakuwa na upepo. Nilikuwa nimeshusha mshipi wangu na kuanza kusinzia kwa baridi pale niliposikia, karibu sana, "Salaam aleikum."

Mtumbwi mwingine ulikuwa ubavuni mwetu. Niamini, sikusikia maji yakigongwa. Ndani yake alikaa mzee mmoja, amejifunika gunia kichwani kwa ajili ya mvua, kama wanavyofanya wapagazi, na uso wake uko kivulini. Ndevu zilikuwa nyeupe. Niliitikia, Wasswa naye akaitikia.

"Mna chambo?" akauliza.

"Kipo, mzee."

"Kiko hai?"

"Kiko hai kabisa."

Nilichota nkejje mmoja pamoja na maji yake nikamnyooshea. Kabla ya kumpokea, mzee aliinama akaloweka mkono. Aliuloweka ndani ya mtumbwi wake mwenyewe, na hapo ndipo niliposhtuka kidogo, kwa sababu mtumbwi ule ulikuwa umejaa maji mpaka kwenye ubao aliokalia. Mtumbwi wenye maji kiasi kile hauelei. Nilitaka kumwambia, nikasema moyoni labda ni ukungu unanidanganya.

Akatoa ndoana. Akaipitisha chini ya pezi la mgongoni, taratibu. Akakiweka kile kisamaki majini juu ya kiganja, akakingoja. Mimi mkono wangu ulikuwa bado umenyooka, nimesahau kuurudisha. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusema peke yake, "Haya, nenda kazini, usinitie aibu."

Najua unalotaka kusema. Ulimjua, mbona hukumwita? Ndugu yangu, nimejiuliza hilo kuliko utakavyoweza kuniuliza wewe. Mwili wote ulimjua. Magoti yalimjua. Mdomo ndio uliofuata adabu. Na mzee hakuondoka mara moja. Alishika ukingo wa mtumbwi wetu kwa mkono wake ule wenye maji, akakaa. Akaniuliza, "Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, mzee."

"Na mama?"

"Hajambo, alhamdulillahi."

"Analala vizuri?"

Nilisema analala. Uongo mtupu, mama alikuwa anaamka kila gari likipita. Manyunyu yalikuwa yanapiga juu ya maji, na Wasswa alikuwa ametazama miguu yake mwenyewe. Halafu mzee akaniambia polepole, kama mtu anayemsaidia mwenzake kuinua mzigo, "Na wewe, huna la kuniuliza?"

Ninalo! Nilikuwa nalo tangu kifungo kile kikatike mlangoni. Uko wapi? Walikupeleka wapi? Nimwambie nini mama? Na nilichosema, kwa adabu zangu zote, ni hiki: "Hapana, mzee. Salama tu."

Alinitazama kitambo. Sikuuona uso wake vizuri, lakini niliona ndevu zikisogea, kama anatabasamu au anataka kulia. "Haya," alisema. "Umelelewa vizuri." Akauachia ukingo wetu.

Ukungu ukamfunika. Wasswa ndiye aliyeongea kwanza. "Munnange, rafiki yangu, ile mutu hapana kasia. Umeona kasia? Na gunia yake, mvua yote hii, gunia ni kavu!" Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka. Nilipiga kelele, "Baba! Baba!" mpaka ndege wakaruka kwenye mafunjo. Nilikata kamba ya nanga, jiwe likabaki huko chini, nikapiga kasia kwenda alikoelekea. Nilikuta mafunjo yamesongamana, hata bata hapiti. Tuliporudi kutazama jerikeni, nkejje wote waliobaki walikuwa wameelea tumbo juu, na maji tulikuwa tumebadilisha muda si mrefu. Wasswa akasema, "Twende halaka," na hatukubishana.

Siku nzima ile niliuliza. Ndiyo, mimi, niliuliza! Niliuliza kila mwalo, kila mama muuza samaki, kila anayeshona nyavu: mmemwona mzee wa gunia, mwenye ndevu nyeupe, anaongea na chambo? Watu walinihurumia. Mmoja aliniambia kuwa wengi walitupwa ziwani katika miaka ile, akakatisha maneno, akaendelea na nyavu zake.

Nilimweleza mama usiku ule ule. Nilidhani atalia kwa furaha au kwa huzuni, nikawa nimejiandaa kwa yote mawili. Hakulia. Alisikiliza neno kwa neno, aliniuliza mkono wake ulikuwaje, kama alikuwa amekonda, kama alikohoa. Kisha akasema, "Na alipokuambia umwulize, ulimwuliza?"

"Sikumwuliza, mama."

Akanishika mdomo kwa vidole vyake, hivi, kama unavyomshika mtoto anayetaka kumeza kitu. "Ni mimi," akasema. "Ni mimi niliyekufunga mdomo huu." Hapo akalia, na mimi nikalia, na ilikuwa mara ya kwanza sisi wawili kumlilia baba pamoja.

Nilidhani basi, sasa atakaa eda. Nilimwita sheikh. Mama akamwambia, "Mtu anayeomba chambo anataka kula. Maiti hali. Mwanangu amemwona, na hakumwambia kwamba amekufa." Sheikh alinitazama mimi. Nami ningesema nini? Kweli hakuniambia. Kwa hiyo nilichomletea mama kutoka ziwani ni miaka zaidi ya kungoja. Kabla ya hapo alingoja kwa matumaini madogo, ya kutosha kuishi nayo. Baada ya hapo alianza kupika kwa ajili ya mtu mmoja zaidi, kila Jumapili, akakonda, akaacha kicheko chake. Neno moja tu kutoka kwangu lingempa mume au lingempa kaburi.

Nilirudi Ggaba masika yaliyofuata, na mengine, na mengine, peke yangu, na jerikeni la nkejje hai. Nilikaa kwenye ukungu mpaka nikapata kikohozi. Wavuvi walikuja kuomba chambo, nikawapa, nikawatazama mikono. Hakuna aliyeloweka.

Mama alifariki. Nilikwenda kituo cha redio kutoa tangazo la kifo, kama tunavyofanya sote huku, ili ndugu wa Bombo na wa mbali wasikie wawahi mazishi. Dada wa pale alikuwa na heshima, alinipa pole, akachukua jina la marehemu, mahali pa msiba, saa ya mazishi. Kisha akaniuliza, "Tusome mke wa fulani, au mjane wa marehemu fulani?"

Nilisimama pale dirishani. Watu nyuma yangu walikuwa na maiti wao nao, walikuwa wanangoja. Dada akarudia swali, akidhani sikusikia. Mwisho nilimwambia, "Soma mama yangu tu." Na ndivyo ilivyosomwa, nchi nzima ikasikia, na wale wanaojua wakajua kwamba mtoto wake mpaka siku ile hakuwa na jibu.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, sikukatazi kwenda ziwani, wala sikuambii uogope wazee wenye magunia. Nakuambia hivi tu: yule unayemngojea akija, hata akija vibaya, hata akija mahali pasipofaa, achana na adabu. Mshike mkono. Mwulize.