Gunia Lililokunywa Mvua

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilirudi nyumbani Malaba kwa likizo nikiwa na daftari moja, kichwa kigumu na hofu ya kuachishwa fizikia. Mhadhiri wangu Nairobi alikuwa amenipa nafasi ya mwisho: likizo ikiisha, nisimame mbele ya idara nieleze hesabu yangu. Nikishindwa, shahada ya pili niisahau. Mama alikuwa ameshanitafutia meza kwa wakala wa forodha pale mpakani, nijaze fomu za malori, na hakuelewa kwa nini nimenuna.

Hesabu yenyewe ilihusu chembe ndogo kabisa za maumbile. Chembe hizo ziko katika familia tatu, zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa uzito. Wataalamu huziita aina hizo ladha. Mama aliposikia akauliza ni nani amezionja. Nadharia mpya ya wakati ule ilidai kwamba mwanzoni, kwenye joto lisilosemeka, kani za maumbile zilikuwa kitu kimoja, na katika familia ya tatu chembe iitwayo kwaki na mwenzake aitwaye tau zilikuwa na uzito sawa. Mimi nikachukua uzito uliopimwa maabara, nikalinganisha, nikakuta kwaki inaizidi tau zaidi ya mara mbili. Nikaandika kwa madaha kwamba nadharia ni bure. Mhadhiri alinirudishia karatasi ikiwa na neno moja kwa kalamu nyekundu: "Wapi?"

Wapi nini? Nililitazama neno lile wiki mbili, nikalichukia, na aliyeliandika nikamchukia pia.

Mama alikuwa akinunua mihogo mikavu Angurai na kuwauzia wafanyabiashara wa Uganda. Wanawake wa biashara ile walikuwa na desturi yao: gunia hupimwa pale pale muhogo ulipokaushiwa, uzito ukaandikwa kwa makaa juu ya gunia, na uzito huo ndio uzito. Mizani ya Malaba waliiona ni umbea mtupu.

Asubuhi moja nilishuka naye kutoka Angurai tukiwa tumekaa juu ya mzigo kwenye pikapu. Manyunyu yalitukuta njiani. Nilivuta turubai nijifunike mimi na daftari langu, na gunia moja likabaki nje. Nakiri, sikuligeukia hata mara moja.

Malaba, mnunuzi mmoja wa Uganda mwenye mdomo mwepesi aliyaweka magunia mawili kwenye mizani yake, moja baada ya jingine. Makaa yalisema yako sawa. Lile langu likazidi.

"Nnyabo, hii umemwagia maji iongeze kilo."

"Maji nitoe wapi, boss? Hizi gunia zilikuwa sawa kule Angurai. Hii moja imekunywa mvua, ile ingine ilikuwa na turubai. Wewe unapima safari, hupimi muhogo!"

"Mimi naona mizani tu, mama."

"Mizani yako ilikuwa Angurai? Soma makaa."

Watu wakacheka. Mnunuzi naye akacheka, akasoma makaa. Mimi nikalikumbuka lile neno jekundu: wapi? Nilikuwa nimelinganisha Malaba, ilhali nadharia ilikuwa ikizungumzia Angurai! Kutoka kwenye joto lile la mwanzo hadi maabara ni safari ndefu, na njiani kwaki inanyeshewa na kani kali, ile inayoshikilia kiini cha atomu. Kila hatua inaiongezea uzito. Tau haiijui kani hiyo. Nilimkumbatia mama pale pale, akanisukuma. "Wewe, kaa sawa, watu wanaona."

Nikakaa juu ya magunia matupu, nikakokotoa upya. Kwaki ikatoka na uzito unaokaribiana sana na ule wa maabara. Nikapiga vigelegele peke yangu kama mwehu. Kisha kiherehere kikanituma nijaribu familia ya pili, nayo ikagoma kabisa. Kwa kanuni ile ile kwaki yake ilitakiwa kumzidi mwenzake mara kadhaa, lakini maabara ilisema zinakaribiana. Kwa hiyo hizo hazikuwa sawa hata mwanzoni. Lazima kulikuwa na ulinganifu mwingine kati ya familia hizo, unaoamua ipi ianze na uzito gani, na mimi sikuujua.

Siku ya idara nilieleza familia ya tatu mpaka vichwa vikatikisika. Ningeweza kuishia hapo, ila mdomo wangu haujawahi kujua kufunga. Nikaandika ubaoni na ile ya pili, nikasema, "Hii imenishinda, na imenikasirisha."

Mhadhiri aliuliza hasira hiyo itachukua muda gani kupoa. Nikasema sijui.

"Basi tukupe miaka miwili," akasema.

Nilipanda basi nikamwambie mama ana kwa ana. Nilimkuta akianika mihogo, akanisikiliza bila kuinuka.

"Kwa hivyo wamekuchukua juu ya hesabu kukataa?"

"Ndio, mama."

"Na siku ikikubali?"

"Kazi imekwisha."

Akanitazama kwa makini. "Basi usiharakishe."

Miaka miwili ilipita, ikapita mingine mingi, na hadi leo hakuna anayejua kwa nini familia zile zina uzito ule. Mama alizeeka akiniuliza kila likizo kama hesabu imekubali. Nikimjibu bado, alifurahi waziwazi, akaenda kuwaambia majirani kwamba mtoto wake bado ana kazi.