Waya wa Chumba cha Pili

Mshonaji huyu, Bi Sindano kama mumewe alivyozoea kumwita, hakuwa mjinga, na asitokee mtu akasema hivyo mbele yangu. Pembeni ya cherehani alikuwa na kompyuta yake mwenyewe ya kuwekea vipimo vya wateja. Mumewe, mtangazaji wa redio aliyestaafu, alikuwa na yake chumba cha pili. Waya ulitoka kwa mume, ukapenya tundu alilotoboa ukutani, ukaingia kwa mke.

Daktari aliposema koo lazima lipasuliwe na sauti ndiyo basi tena, yule bwana alijifungia wiki tatu akajirekodi. Wala si mawaidha. Alirekodi salamu za asubuhi, malalamiko ya chai isiyo na sukari, kicheko chake. Alirekodi hata hali ya hewa ya nyumbani: sebuleni kuna mawingu, mama mwenye nyumba amenuna. Yote akayatia kwenye folda aliyoiita Yetu, na Bi Sindano akawa anaifungua kwenye kompyuta yake huku akipinda mapindo.

Mume alimweleza, tena kwa kituo, kwamba pale kwenye kompyuta yake anayaona tu kupitia waya, mafaili yenyewe yamekaa kwenye ile ya chumba cha pili, kwa hiyo ayakopi. Bi Sindano alisema ana magauni matatu ya watu yanamsubiri. Ili kumridhisha alikopi faili moja la mazoezi. Mengine yakawa ya kesho, na kesho ile unaijua ilivyo.

Sauti ilikwenda, na baada ya miaka miwili mwenyewe naye akaenda. Kompyuta yake haikuzimwa na mtu. Kila asubuhi mjane alifungua Yetu, akasalimiwa, akaitikia kwa sauti, ndipo akakanyaga cherehani. Bila hivyo, alisema, asingeinuka kitandani.

Mwezi wa tano wifi yake, dada wa marehemu, akaiomba ile kompyuta aandikie ripoti za zahanati anakofanya kazi. Bi Sindano aliitoa kwa moyo mweupe. Sharti lake lilikuwa moja tu: fundi aisafishe kwanza, maana ndani yake mlikuwa na barua za hospitali na hakutaka aibu za ugonjwa wa mumewe zisomwe na watu. Fundi alimuuliza mara mbili kama kuna kitu cha kubakiza.

"Futa vyote," akasema. "Vyangu ninavyo kwangu."

Asubuhi iliyofuata Yetu haikufunguka. Alichomoa waya, akaupuliza, akauchomeka tena. Akaufuata mpaka ukutani, akazunguka hadi chumba cha pili, akaukuta umelala sakafuni. Juu ya meza palibaki alama ya mraba isiyo na vumbi. Hapo ndipo alipoelewa, akakaa chini palepale.

Wifi aliirudisha kompyuta mwenyewe, machozi yanamtoka, anaomba radhi kwa kosa lisilo lake. Bi Sindano alimwambia aliyekosa ni yeye. Fundi alihangaika nayo mpaka alasiri, kisha akatikisa kichwa: alikuwa ameshaandika vipya juu ya vya zamani, na kazi yake aliifanya vizuri mno.

Akaomba aitazame kompyuta ya mshonaji, kwa kubahatisha tu. Humo, katikati ya vipimo vya viuno na mabega, akakuta faili moja la sauti. Bi Sindano alilikumbuka, akashika ukingo wa meza. Alikuwa amelisikiliza mara moja tu, siku ile ya mazoezi.

Fundi akalifungua. Sauti ya mtangazaji ikajaa chumba, nzito, safi, haina haraka.

"Jaribio. Moja, mbili. Bi Sindano, ukilisikia hili limeshakaa kwako. Sasa weka gauni chini, ukopi na yale mengine yote. Usinitegemee mimi."

Basi, likaishia hapo. Wifi alijiziba mdomo kwa kiganja. Fundi akainamia mfuko wake wa vifaa, anatafuta kitu ambacho hakikuwemo.

"Haya, nimekusikia," Bi Sindano akasema. Ndivyo alivyomjibu hata siku ile, macho yake yakiwa kwenye tundu la sindano, anatunga uzi.