Ndengu Zilizopandwa Bila Amri

Mwalimu wa michezo wa shule iliyo karibu na nyumba yangu hapa mjini Wote ana filimbi. Akiipuliza asubuhi, mabega yangu hunyooka yenyewe, mimi mama wa watoto watatu, kikombe cha chai mkononi. Halafu nakasirika. Simkasirikii mwalimu, maskini. Namkasirikia baba yangu, tuliyemzika mwaka jana kule Kyuso akiwa mzee wa meno machache na wajukuu wengi.

Siku ya mazishi walimsifu hadi nikaona aibu. Mwanajeshi hodari, mzee wa kanisa, mtu wa familia. Mtu wa familia! Zaidi ya miaka ishirini alikuwa jeshini, nasi tulimwona Krismasi tu, anakuja na mikate na soksi mpya za shule, anakaa siku chache, anarudi kambini. Niwaambie ukweli wenzangu, yule baba wa Krismasi nilimpenda sana. Aliyenichosha ni yule aliyestaafu nikiwa darasa la tatu, akarudi nyumbani kabisa.

Alirudi Agosti, vumbi kila mahali, mbuzi wanatafuna makaratasi. Kesho yake alfajiri tukasikia filimbi. Tulipangwa uani, kaka yangu Mutua mbele, mimi kitinda mimba mwisho, tukanyoosha mikono kucha zikaguliwe. Aliyechelewa aliruka kichurachura kuzunguka choo. Majirani walikuja kuchungulia kwenye ua wa miiba, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama pia alicheka, mwanzoni.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alininong'oneza akikoroga uji. "Huyu wetu amekuja na filimbi yake."

Kicheko kiliisha Oktoba. Kwetu hata mtoto anajua kwamba mbegu hupandwa ardhi ikiwa kavu, vumbi tupu. Mvua ya Kyuso hunyesha mara chache, kisha inakwenda zake. Isipoikuta mbegu ardhini ikiingoja, basi, hakuna chakula mpaka msimu mwingine. Lakini baba alikusanya mbegu zote, mahindi na ndengu, akazifungia kwenye sanduku lake la bati na kutia kufuli.

"Baba Mutua, watu wote wanapanda," mama alimwambia.

"Watu wote wanatupa mbegu kwa majivu. Askari hapigi risasi kabla hajaona adui. Mvua ije kwanza."

"Mvua ya huku haingoji mtu afungue kufuli."

"Nimesema!"

Nikamchukia baba kwa moyo wangu wote. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumelala njaa, tukinywa uji mwepesi hata mtu anajiona uso ndani yake. Nilijua vizuri kilichofungiwa ndani ya sanduku lile.

Baba aliposafiri kwenda Mwingi kufuatilia pensheni yake, mama alitoka kwa jirani na ndengu zimefungwa kwenye leso. "Majembe," alisema, neno hilo tu. Tukashuka sote hadi shamba la bondeni, jua linachoma utosi, tukapanda mpaka mikono ikatoka malengelenge. Jioni baba alitukuta tumenawa, tumekaa kwa adabu, na hakuna aliyefungua mdomo.

Mvua ikaja. Baba akangoja ardhi ilowe, akangoja tena, ndipo akafungua sanduku na kutupimia mistari kwa kamba. Kule bondeni ndengu zilikuwa zimeshatoa majani. Akaziona.

Siku hiyo filimbi ililia kwa muda mrefu. "Nani alitoa amri?" Akamshika Mutua sikio, fimbo iko mkono wa pili. Hapo mama akatoka jikoni, akaja kusimama mstarini, mwisho kabisa, ubavuni mwangu. Akanyoosha mikono kama sisi, kucha juu.

"Mimi hapa," alisema. "Anza na mimi."

Nilisikia harufu ya moshi na kitunguu nguoni mwake. Baba aliitazama ile mikono, akaachilia sikio la Mutua, akatutuma maji. Tangu hapo hakusema na mama. "Mwende, mwambie mama yako chumvi imezidi," alikuwa akiniambia, na mama amekaa papo hapo. "Mwambie maji yako mtungini," mama naye alikuwa akijibu. Ai! Mtu mzima huyo, ameamuru askari, sasa anajificha nyuma ya mtoto.

Mahindi yake yalikauka kabla hayajafika kiunoni. Tulikula ndengu. Naye alikula, akaongezwa, na hakusema hata asante.

Nilikuwa mtu mzima nilipolielewa kosa lile. Baba alilelewa Mbumbuni, kwa mjomba mwenye duka, akaingia jeshini kabla ya kuota ndevu. Shamba la Kyuso alilinunua akiwa likizoni, Desemba, mvua imeshanyesha, majani yanafika kiunoni, akaamini ndivyo lilivyo siku zote. Oktoba yetu hakuwahi kuiona. Alikuwa mgeni nyumbani kwake, na aliona heri sisi tulale njaa kuliko yeye kuuliza. Kuelewa nimeelewa. Kusamehe bado.

Maana Oktoba iliyofuata aliuliza. Alikuja shambani tukiwa tunapanda, akachuchumaa kando yangu. "Mwende," alisema kwa sauti ya chini, "mbegu inaingia mpaka wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Mama alikuwa mstari wa pili, anasikia kila neno, na baba hakumuuliza yeye. Waliishi pamoja mpaka wakazeeka, na sikumsikia baba akimuuliza mama hata siku moja.

Mama hakugeuka. Ila mikono yake, iliyokuwa inakwenda mbio, ikaanza kwenda polepole: shimo, mbegu, udongo, kanyaga. Baba akaacha kunitazama mimi, akawa anaitazama ile mikono. Leo najua mama alikuwa anamfundisha bila kumwaibisha, wema ambao baba hakuwahi kumtendea. Wakati ule nilidhani amechoka.

"Mama, pumzika kidogo," nikamwambia.

"Nyamaza, Mwende," akasema. "Panda."