Ubuyu ni mzuri kweli, ila mimi nilimwachisha mke wangu vidonge vya damu kwa sababu ya huo huo ubuyu

Wakuu, heshima kwenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Humu mimi ni msomaji wa kimya kimya, miaka sasa. Leo naandika. Nimebadilisha majina tu, mengine yote ni kama yalivyotokea, hata yale yanayonivua nguo.

Kila baada ya muda naona uzi wa faida za ubuyu na watu wanashusha like. Mimi nilikuwa mmoja wa wasambazaji wakubwa. Naomba mnisome mpaka mwisho, halafu mnishambulie.

Ni mpishi kwenye lodge moja hapa Karatu. Kwetu ni Buger. Huko ndiko anakaa mke wangu, nimwite mama Neema, na watoto wetu wawili, pamoja na mama yangu mzazi. Mimi nalala kazini, nyumbani naenda siku za off.

Sasa kuna guest mmoja, mama wa Kizungu mtu mzima, alikuja na kopo lake la unga. Kila asubuhi anachota kijiko, anakoroga kwenye uji wa oats. Nikamuuliza ni nini. Akanigeuzia lebo nikasoma: baobab, superfood.

Nilicheka sana. Ubuyu! Huu huu ambao kule Mang'ola mabuyu yanadondoka na mbuzi wanajilia.

(Watu wa Dar tuelewane hapa. Sisemi ule wa rangi wa kumumunya, ule sukari tupu. Nasema ule unga mweupe wa ndani ya buyu lenyewe.)

Nikaagiza gunia kutoka Mang'ola, nikaanza kutengeneza smoothie za breakfast. Guests wakazipenda kupita maelezo. Manager akanipa dakika tano za kuwaelezea kila asubuhi, wakawa wananiita Mr Baobab.

Nikasoma kila kitu mtandaoni. Vitamini C nyingi, kalsiamu, potasiamu, nyuzinyuzi, unasaidia choo kigumu, unasaidia na tumbo la kuhara. Mengi kati ya hayo ni kweli, na sijayakana mpaka leo. Ila zile forward za kwenye magrupu zilikuwa hazikosi mstari mmoja: "huongeza damu haraka". Na mimi niliushika huo mstari kuliko yote.

Kichwa kilikuwa kimevimba, wakuu. Form four leaver anasikilizwa na maprofesa wa Ulaya wakiwa wameshika notebook. Nikajiona daktari.

Mama Neema akawa na ujauzito wa tatu. Kliniki wakampima, damu iko chini. Wakampa vidonge vya damu, vile vya kumeza kila siku, na wakamwambia ale mboga za majani, na maini akipata.

Vile vidonge vilimtesa. Anameza, anatapika. Tumbo linamkaza, choo kinakuwa cheusi, anaogopa. Nilipoenda off akaniuliza, baba Neema, hivi hakuna namna nyingine?

Angemuuliza nesi angepata jibu la maana. Aliniuliza mimi kwa sababu alikuwa ananiamini, na kwa sababu nilikuwa nimeshajigamba nyumba nzima ikasikia.

Nikamwambia aache vidonge. Nikamletea ndoo ndogo ya unga wa ubuyu na kumpangia kama daktari: vijiko viwili asubuhi, viwili jioni. Tena nikamwambia, na hapa ndipo nataka mnisikie vizuri, kwamba kliniki wakimuuliza aseme anameza. Nilisema manesi wana maneno mengi, watamgombeza bure.

Akafanya hivyo. Kila mwezi anapokea vidonge, anaviweka kabatini, anasema anameza.

Na ubuyu wenyewe tulivyoutumia ni kichekesho. Buger ni baridi. Asubuhi ukungu umeshuka mpaka mlangoni, nani anakunywa kitu cha baridi? Huku kwetu kila kitu kinachemshwa na maziwa. Kwa hiyo mama Neema alikuwa anautia ubuyu kwenye sufuria ya maziwa, unatokota vizuri, anaunywa wa moto na mkate. Mimi nikifika nakunywa naye na kusifia.

Alipima tena, damu imeshuka zaidi. Nesi akashangaa, akamwongezea dozi na kumwambia asikose wiki ijayo. Nikamwambia mke wangu mashine zao zimechoka.

Mimba ikiwa ya miezi saba, uchungu ukaanza asubuhi moja akiwa anapepeta maharage. Mama yangu ndiye aliyemtafutia gari. Nilipofika hospitali mtoto alikuwa ameshazaliwa, wa kiume, mdogo mno, na mama yake alikuwa anavuja damu ambayo hakuwa nayo.

Ndugu zake wawili walitolewa damu, akaongezewa. Mungu ni mwema, akabaki.

Mtoto alikaa siku mbili.

Daktari aliniambia hawezi kusema sababu ni hiyo moja tu, ila damu ikiwa chini kiasi kile mtoto kuzaliwa kabla ya wakati ni kitu kinachotokea. Nesi mmoja akaniuliza taratibu alikuwa anatumia nini. Kwake yeye nilisema ukweli. Hakunigombeza, bora angenigombeza. Alinielewesha kwamba ubuyu wenyewe hauna chuma cha kutosha kuziba pengo lile la damu. Kazi yake nzuri ni ile vitamini C, inasaidia mwili kuyanyonya madini ya chuma yaliyo kwenye kidonge. Ukiuchemsha, sehemu kubwa ya vitamini C unaiua. Ukiweka maziwa, au ukimeza kidonge kwa chai, unazuia hata chuma hicho kidogo kisiingie mwilini.

Akasema, "Angemeza kidonge na ubuyu wa maji ya kawaida, baba, mngekuwa mmefanya vizuri kuliko wengi."

Hiyo sentensi inanitafuna kila nikiwasha blenda.

Lakini wakuu, hilo bado silo lililonileta humu.

Baada ya mazishi mama yangu alikuwa anasafisha chumba. Akafungua kabati, akakuta vidonge, paketi juu ya paketi, havijaguswa. Akatoka navyo mpaka sebuleni tulikokaa, shangazi zangu wapo, wazee wa ukoo wapo, mama Neema amekaa kwenye mkeka.

Akavimwaga mezani. Akasema, "Mjukuu wangu ameuawa na uvivu. Dawa ya bure, kumeza tu kumemshinda."

Mama Neema aliinua macho akanitazama.

Na mimi nikasema, "Mama, yameshapita."

Basi. Maneno mawili. Kila mtu aliyaelewa kwamba mume amekubali mke ndiye mkosaji, ila ameamua kusamehe. Shangazi mmoja hata alinishika bega.

Kuna desturi yetu ya zamani sisi Wairaqw, mwanamke aliyepoteza mtoto mchanga anakaa pembeni kwa muda. Haingii nyumba za watu, hachangii chombo. Wengi wameacha, na kanisani inakemewa. Mama yangu mwenyewe alikuwa ameshaiacha. Baada ya vile vidonge akairudisha, kwa mke wangu peke yake. Mama Neema ana kikombe chake na sahani yake, anakula kwenye kibaraza. Majirani wakipita njiani wanamsalimia kwa mbali.

Nilimwomba msamaha tukiwa wawili shambani. Aliendelea kupalilia. Mwisho akasema, "Mtoto hatarudi, najua. Na ubuyu uliniletea kwa kunipenda, hilo nalo najua. Lakini siku ile ya vidonge ulikuwa na mdomo, hukuutumia."

Akaniambia nikamwambie mama ukweli, mbele ya wale wale waliokuwepo. Tangu hapo hajanikumbusha tena, na haniulizi kitu chochote zaidi ya mambo ya watoto.

Kwa wanaotaka somo: tumieni ubuyu, ni chakula kizuri. Unga mweupe, maji ya kawaida, usiuchemshe. Mwenye figo zenye shida aulize kwanza, maana una potasiamu nyingi. Mjamzito ameze vidonge vyake, vikimtapisha arudi kwa nesi aseme, atapangiwa ameze baada ya kula au abadilishiwe. Na wewe mwanaume unayesoma forward, usimfundishe mkeo kumdanganya nesi.

Jumapili iliyopita nilienda Buger nimejiandaa kusema. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima kwenye pikipiki. Mama akanikaribisha chai. Kabla sijafungua mdomo akaanza kunisifia, kwamba mimi ni mwanaume mvumilivu, mwingine angekuwa ameshamrudisha huyu mwanamke kwao. Nikamwambia asante mama. Mama Neema alikuwa kibarazani, mlango uko wazi, alisikia.

Nikamaliza chai nikarudi kazini.

Semeni mnavyotaka, nitasoma kila comment. Aliyewahi kusimama mbele ya mama yake akasema kitu kama hiki anieleze alianzaje. Ila naomba asitokee wa kunipongeza kwa ujasiri wa kusema ukweli. Humu hakuna anayenijua.